Hapakuwa na Sufiani Hapa

Mgeni aliingia kibandani kwa Devotha saa sita na nusu mchana, muda ambao mtu mwenye akili zake hamwendei mama lishe na maswali. Wali ulikuwa ukikauka juu ya makaa, maharage yakitokota, na ng'ambo ya barabara mashine ya kukoboa mpunga ilinguruma mpaka mabati ya nusu ya mtaa wa Mwembesongo yakatetemeka. Mgeni mwenyewe alikuwa msichana mwembamba, begi moja begani, vumbi la safari limemfika kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, chakula bado kidogo."

"Sijaja kula. Namtafuta Sufiani Amade. Ni kuli wa mashine hiyo."

"Hapa hakuna Sufiani, mwanangu," Devotha alijibu bila kugeuka.

Msichana hakuondoka. "Ndivyo alivyoambiwa kaka yangu. Alikuja mwezi wa tatu, mvua zikinyesha. Mama mwenye kibanda cha chakula akamwambia hapa hakuna Sufiani, naye akarudi kwetu Palma, ng'ambo ya Ruvuma." Alitoa simu, akaonyesha picha. "Ni mjomba wetu, huyu. Mimi naitwa Hidaya."

Devotha alijifuta mikono kwenye kanga, akaitazama picha.

"Mbona huyu ni Sumbi," alisema.

Neno lilimtoka lenyewe. Aliona uso wa msichana ulivyojikunja, na hapo ndipo yeye mwenyewe akalisikia.

Mwezi wa tatu Sumbi alikuwa amelala nyuma ya kibanda hiki hiki, juu ya magunia matupu, homa ikimtikisa. Devotha ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Kutoka pale aliposimama yule kijana akiuliza hadi pale alipolala mgonjwa hazikufika hatua ishirini. Mwezi wa nne akafa. Watu wa msikitini waliokuja kumzika walipouliza jina, Devotha ndiye aliyewatajia, na kibao cha kaburini mpaka leo kimeandikwa Mzee Sumbi.

Alimwambia Hidaya yote hayo, bila kuficha hata moja. Msichana alilia akiwa wima, begi bado begani.

Neno lenyewe lilianza kidogo tu. Mtu katoka Msumbiji, na mwenye gunia begani hana pumzi ya maneno marefu, wakamkatizia: Sumbi. Kisha gunia likipasuka, wakasema hiyo kazi ya Kisumbi. Kuli akikosea hesabu, wakamwambia aache usumbi. Hata watoto wa jirani wakigombana walitupiana hilo hilo, bila kujua lina mtu ndani yake. Na mwenyewe alibeba magunia miaka kumi na tisa, akiitika. Mara moja tu, akiwa anasubiri sahani yake, alisema taratibu, "Mama Pendo, mimi nina jina." Devotha akamjibu, "Sote tunayo majina, wewe kula."

Sasa alilikumbuka jibu hilo. Hasira zilimpanda, na hakujua aanze kumkasirikia nani, maana wa kwanza alikuwa yeye.

"Sikiliza, Hidaya," alisema. "Aliyekufa siwezi kumrudisha. Ila nakuahidi, atakayelitamka tena neno lile hapa kwangu, hali chakula changu. Hata awe nani."

Mashine ikanyamaza. Makuli walivuka barabara, pumba zimewajaa nyweleni, mbele yao Severin, nyapara. Walikuwa kumi na wawili, na anapokula nyapara ndipo wanapokula wote. Sufuria nzima ya Devotha ilikuwa yao.

"Mama Pendo, leo umeajiri?" Severin aliuliza, akivuta sahani.

"Ni mpwa wa marehemu Sufiani."

"Sufiani yupi tena?"

"Aliyekubebea magunia miaka kumi na tisa."

"Aa, Sumbi!" Severin alicheka. "Kumbe alikuwa na watu wake. Karibu, Sumbi jike. Unaweza gunia, au na wewe ni wa kula tu?"

Wenzake wakacheka. Devotha alinyoosha mkono, akaichukua sahani mbele yake.

"Nenda kale kwingine."

"Mama Pendo, si utani tu."

"Usinitajie utani, Severin. Mimi ni Mluguru, nimezaliwa Kinole. Mama yangu alipofariki, watani wa ukoo wetu walimsema maiti mpaka tukacheka huku tunalia. Wakaigiza alivyokuwa akitembea, wakasema alikuwa mchoyo wa chumvi. Na ni hao hao waliochimba kaburi, wakachota maji, wakapika. Mtani unamtukana, anakutukana, na siku ya msiba jembe analishika yeye. Sufiani alikutukana lini?"

Severin alitazama meza.

"Nakuuliza. Alikujibu lini, hata mara moja?"

"Hakuwa mtu wa maneno."

"Na jembe ulishika?"

"Siku ile kulikuwa na lori la mpunga la Dakawa."

"Basi hukuwa mtani wake."

"Na wewe je?" Severin aliinua macho. "Wewe ulimwita nani?"

"Hivyo hivyo. Na ndugu yake nikamfukuza, mgonjwa akiwa hapo nyuma. Hilo nitalala nalo mimi. Ila wewe hapa huli."

Severin alisimama. "Twendeni kwa Yustina. Kule wali hauna masharti." Wakamfuata mmoja mmoja. Petro, wa mwisho, alimeza vijiko viwili vya harakaharaka akiwa wima, ndipo akatoka.

Hidaya alisema kwa sauti ndogo, "Ungewaacha tu wale chakula, mama. Sisi tumeshazoea."

"Ndicho kinachoniuma," Devotha alisema, akampakulia.

Wali uliobaki uligawiwa majirani, na mwingine ukachacha.

Kesho yake alipika sufuria ile ile. Hakuwa na mahali pengine pa kupata wateja kumi na wawili. Saa sita na nusu mashine ilinyamaza, nao wakavuka barabara, Severin mbele, anatabasamu.

"Wali wa Yustina una mawe," alisema, akivuta benchi. "Tumerudi, mama yetu. Yaishe basi, ile habari ya Sumbi."

Makuli walikuwa wameshakaa. Devotha aliwatazama wote, kisha akaufunika wali.