Mkono wa Kocha Oduor Ndani ya Kanda

"Rudisha nyuma," Kocha Oduor alisema. "Huo si mkono wangu."

Salim, mpiga video za harusi mjini Kisumu, alicheka. "Ni wako, Mzee. Mtaa mzima wa Milimani nani mwingine anavaa soksi ndefu namna hiyo?"

Dorca, mwanafunzi wa Oduor, hakucheka. Aliketi mbele ya televisheni ya Salim, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Jumamosi alitakiwa kucheza tenisi mbele ya wateuzi wa timu ya mkoa, na kwa miezi mitatu kila mpira aliouanzisha ulimuumiza. Ndiyo maana kocha alitaka wapigwe video wote wawili: binti ajionee mwenyewe anapokosea.

Kanda ilirudi. Oduor wa kwenye kioo alirusha mpira juu, akainua raketi. Salim akabonyeza, picha ikasimama.

Raketi imegusa mpira. Kifundo kimenyooka. Hakijakunjwa hata kidogo.

Oduor aliinama karibu na televisheni. "Isogeze. Pole pole."

Mkono wote, kuanzia kiwiko kwenda mbele, ulijizungusha. Kiganja kikageuka nje, kidole gumba kikaelekea chini. Nguvu ilitoka huko. Kifundo kilifuata tu, kimelegea.

Miaka kumi na tano amesimama kwenye kile kiwanja cha udongo mwekundu akipiga kelele: "Vunja kifundo! Vunja, kama unampiga nzi mgongoni mwa ng'ombe!" Hakuwa akidanganya. Hivyo ndivyo alivyohisi mkononi mwake kila asubuhi. Hakuwahi kujiona.

"Weka ya Dorca," alisema.

Kwenye picha ya Dorca, kifundo kilianguka mbele kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Alikuwa ametii kila neno.

"Kocha, mimi nafanya ulivyoniambia."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe hufanyi."

"Sifanyi, nyathina, mwanangu. Mungu ananiona, sikujua."

"Ala!" Salim alisema.

Oduor alikunja mkono wa shati na kumnyooshea Dorca mkono. "Shika hapa, chini ya kiwiko. Kaza." Akapiga hewa taratibu. Dorca alisikia mifupa miwili ikipishana chini ya vidole vyake, akauachia mkono ule kama aliyeungua.

"Inazunguka!"

Saa kumi walikuwa kiwanjani. Dorca alifungua bandeji. Mpira wa kwanza ulizama wavuni. Wa pili ukaruka ua hadi kwa daktari jirani, mbwa wakaamka wote.

"Legeza kifundo," Oduor alisihi. "Usikivunje. Tafadhali, usikivunje."

Wa tatu ulilia kwenye nyuzi na kutua ndani ya mstari. Dorca alibaki akiutazama mkono wake kana kwamba ameuazima.

"Umeuma?"

"Haujauma." Aliukunja na kuukunjua. "Kocha, haujauma kabisa."

Oduor aliketi palepale mstarini, kaptura nyeupe juu ya udongo. Miezi mitatu! Alimwona binti akiuma meno, naye akamwambia aongeze bidii. Alifungua mdomo aombe msamaha.

Dorca alikuja akasimama mbele yake. Uso wake haukuwa na hasira, ingawa alikuwa hajamsamehe bado.

"Leo Jumatano, Kocha," alisema. "Inuka. Tuna siku mbili tu."