Mgongo Namba Kumi na Saba

Kihifadhi chenyewe kilikuwa unga mweupe usio na harufu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia ukungu usiote ndani ya losheni. Hilo kiliweza, halikuwa na ubishi. Alichotakiwa mkemia kukijua ni kama kingemwasha anayejipaka, na kama kingemdhuru kikimwingia machoni.

Alianza na macho. Kwa wiki mbili alifika machinjioni kunapopambazuka, amebeba kisanduku cha barafu, akachukua macho ya ng'ombe waliochinjwa asubuhi ileile.

"Umekuja tena kunikodolea macho?" mchinjaji alimwuliza kila siku, na kila siku alicheka peke yake.

Maabarani, mkemia alikata kile kioo cha mbele ya jicho, akakibana kwenye kishikio chake, akakidondoshea losheni, kisha akapitisha mwanga kuona kama kimefifia. Hakikufifia hata kimoja. Aliandika matokeo, akanawa mikono mara tatu, akageukia ngozi.

Kwa ngozi walihitajika watu. Walijitolea thelathini. Kila mmoja alibandikwa mgongoni plasta ndogo ya mraba yenye losheni. Ikikaa siku mbili inaondolewa, ngozi inakaguliwa, inabandikwa nyingine, hivyo hivyo kwa wiki tatu. Mbandikaji na mkaguzi alikuwa muuguzi, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Mkemia hakuwaona watu hao wala hakujua majina yao, ndivyo utaratibu ulivyotaka. Alichopata ni karatasi yenye namba. Sifuri maana yake hakuna wekundu. Mpaka wiki ya tatu inaanza, karatasi nzima ilikuwa sifuri tupu, na meneja wa kiwanda alikwisha agiza makopo.

Jumamosi ya wiki hiyo, mchana, mkemia alikuwa sebuleni akikunja nguo. Mbele yake alikaa mama mkwe wake, aliyehamia pale tangu mwanawe, mume wa mkemia, apelekwe kikazi mji mwingine. Mtaani walimwita Bi Chuma, kwa kuwa aliwahi kung'olewa jino bila ganzi na kutoka hapo akaenda zake sokoni. Siku hiyo alikaa kwenye kochi mgongo wima, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mama, mbona huegemei?"

"Nimechoka kuegemea."

Mkemia alicheka, akapeleka taulo chumbani. Aliporudi kochi lilikuwa tupu. Akamkuta Bi Chuma jikoni, mwiko umezama ndani ya gauni kupitia shingoni, anajikuna huku amefumba macho kwa raha.

"Mama!"

"Nini? Mbu."

"Hebu nione."

"Uone nini? Mgongo wa mtu mzima!"

Lakini alikuwa ameshikwa. Mkemia alishusha kola ya gauni. Chini ya bega kulikuwa na wekundu uliovimba kidogo, wenye pembe nne zilizonyooka.

"Mbu gani huyu anauma mraba?"

Kipimo cha mraba ule alikijua. Plasta zile alizikata kwa mkono wake mwenyewe.

Bi Chuma aliweka mwiko mezani taratibu. "Nilikusikia kwenye simu," alisema. "Ulikuwa unamwambia mume wako kwamba watu hawatoshi, na kwamba ikionekana inawasha, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Nikasema, mimi ngozi yangu haina makuu. Nikajiandikisha kwa jina la kwetu."

"Muuguzi anakukagua kila baada ya siku mbili. Ameandika sifuri kila mara."

"Ikianza kuwasha jirani ananibandua. Ananipaka ile dawa ya mwasho ya dukani. Asubuhi ya kwenda kwa muuguzi ananibandika tena. Safari hii jirani amesafiri, plasta nimeing'oa kwa mwiko, na dawa mkono haufiki."

Mkemia alivuta stuli akakaa. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira hiyohiyo alitaka kumkumbatia. Kwa miaka sita mwanamke huyu hakuwahi kumwambia neno lolote la kusifu kazi yake, kumbe alikuwa tayari kuchunika mgongo kwa ajili yake. Wazo jingine pia lilimpitia, hakulificha nafsini mwake: imebaki siku mbili tu, na hakuna anayejua.

"Wewe ni namba ngapi?" aliuliza.

"Kumi na saba."

"Jumatatu nitakuondoa. Na nitaeleza kwa nini."

"Yaani unanifukuza?"

"Mama, losheni hii watu watajipaka. Wao hawatakuwa na jirani wa kuwabandua."

Bi Chuma alinuna. Jumapili nzima aliongea na redio tu.

Jumatatu mkemia alikwenda kwa meneja kabla hata ya kuvaa koti la kazi. Meneja alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Mtu mmoja kati ya thelathini," alisema. "Mfute, endelea na waliobaki."

"Nimemfuta. Lakini ngozi yake haikudanganya, aliyedanganya ni yeye. Ana miaka sitini na minane. Nikaangalia orodha ya umri, waliozidi miaka sitini ni wanne tu. Hao wengine watatu nataka waulizwe upya."

"Makopo yameshachapishwa, mama."

"Najua. Naomba waulizwe."

Muuguzi aliwaita watatu wale mmoja mmoja. Wawili walikiri kwamba plasta ilikuwa ikiwawasha tangu wiki ya kwanza. Hawakusema kwa sababu hawakuulizwa kuhusu kuwashwa, walikaguliwa wekundu tu. Mmoja alidhani kuwashwa ndiyo dawa inafanya kazi. Muuguzi aliandika yote, akapiga mstari chini yake, akasema, "Hili ni kosa langu na lako." Mkemia alikubali. Ile fomu aliiandika yeye.

Alirudi kwa meneja akiwa na karatasi mbili: moja ya majibu yale, nyingine ya ombi. Alitaka kupunguza kihifadhi mpaka nusu, kupima upya kama bado kinazuia ukungu, kupima upya macho, na kutafuta wazee kumi kwa ajili ya ngozi.

"Muda gani?"

"Wiki nane."

"Haiwezekani."

"Basi weka sahihi hapa kwamba nilikuambia."

Meneja aliitazama karatasi, akamtazama yeye. Kalamu iliacha kuzunguka. "Wiki nane," alisema. "Ya tisa usinitajie."

Alianza siku hiyohiyo. Alipanda ukungu kwa makusudi ndani ya chupa ishirini na makopo ishirini ya losheni mpya, akawa anayafungua na kuyachunguza kila wiki. Alirudi machinjioni na kisanduku chake; macho hayakufifia safari hii pia. Kazi ya wazee ndiyo ilimshinda, kwani waliokuja mwanzo hawakutaka kurudi.

Siku moja Bi Chuma, bado amenuna, alimsimamisha mlangoni. "Unatafuta watu wa umri wangu?"

"Ndiyo, mama. Ila si wewe."

"Nimesikia si mimi, usirudie."

Alipita nyumba kwa nyumba. Walikuja kumi na wawili. Muuguzi alizungumza na kila mmoja faragha, akamweleza kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Mmoja akamjibu kwamba hayo ameshaambiwa. "Bi Chuma amesema anayewashwa akakaa kimya atamtambua. Amesema yeye alikaa kimya na aibu imemtosha."

Safari hii fomu ilikuwa na maswali ya kuwashwa, kuchoma na kukosa usingizi, na kila mgongo ulibandikwa plasta mbili, moja yenye losheni na moja tupu. Wiki ya pili mzee mmoja, fundi viatu mstaafu, alilalamika. Muuguzi alipobandua, wekundu ulikuwa chini ya plasta zote mbili, hata ile tupu. Gundi ndiyo iliyomkataa. Wengine kumi na mmoja walimaliza salama.

Upande wa ukungu habari haikuwa tamu yote. Chupa za kubonyeza zilibaki safi. Makopo ya kuchovya vidole, yanayoingiza hewa na uchafu kila yakifunguliwa, saba kati ya ishirini yalianza kuota madoa ya kijani. Kihifadhi cha nusu kilitosha, lakini si ndani ya makopo ambayo meneja alikwisha yachapisha.

Aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti, bila kupaka sukari. Meneja alisoma amesimama. Alipofika kwenye makopo akatoa pumzi ndefu, akainua simu na kuuliza bei ya chupa za kubonyeza. Kisha akaweka sahihi.

Mkemia alifika nyumbani jua lingali juu. Bi Chuma alikuwa akianika shuka.

"Imepita?"

"Imepita. Nusu kipimo, na chupa ya kubonyeza."

"Alhamdulillahi." Alibana shuka kwa kibanio, akafikiri kidogo. "Shika huku mwisho, mwanangu, lisiburuzike. Halafu unieleze hiyo nusu mmeijuaje, polepole, kama unavyomweleza meneja."

Mkemia alishika mwisho wa shuka, akaanza kueleza.