Kisu cha Mkono Mmoja

Asiyewahi kuchagua kisu atakwambia kisu ni kisu, kikate tu. Mama Pasi naye alikuwa hivyo mpaka wiki ile. Miaka yote aliyofua na kunyoosha mashuka ya bweni la chuo, kisu kwake kilikuwa cha kukatia vitunguu, na kikipotea unaazima kwa jirani. Sasa alikuwa amesimama mbele ya kabati la kioo katika duka la vifaa, mara ya kwanza kati ya mara tatu ndani ya siku mbili, mkono wa kulia ameuchimbia kwenye mfuko wa aproni na ameapa hautoki humo.

Mwenye duka, bwana mnene mcheshi mwenye penseli nyuma ya sikio, alimtazama kwa huruma.

"Pole, mama. Mkono umefanya nini?"

"Mkono mzima huu. Nauzuia tu."

"Unauzuia usimpige nani?"

"Nauzuia usinisaidie," alisema Mama Pasi. "Hebu lete vile vya kukunja. Vyote."

Mkono uliokufa haukuwa wake, ulikuwa wa mumewe. Kule kwenye ghala la nafaka walimwita Kontena, kwa sababu kwa miaka ishirini alibeba magunia mawili pale wenzake walipobeba moja, na bado akauliza kama kuna mtu wa kumwongezea la tatu. Miezi mitano iliyopita, asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, kiharusi kilimwangusha pale pale mlangoni. Hospitali walimrudishia ulimi karibu wote na mguu nusu. Kuhusu mkono wa kulia walisema wangoje. Wakangoja. Mkono ukabaki unaning'inia, na Kontena akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akawa anakaa hivyo kutwa nzima. Ukimsemesha anaujibu ukuta: ndiyo, hapana, sawa.

"Bora angenitukana," Mama Pasi aliwaambia wenzake pale dobi. "Mtu akikutukana unajua yupo."

Halafu Alhamisi msimamizi wa ghala akaja kumjulia hali. Si mtu mbaya yule, ingawa ana tabia ya kuongea huku anaangalia saa. Alisema amemtafutia Kontena nafasi. Kila lori linaloingia, mkaguzi hataki kupokea gunia kabla hajaona kilichomo, hivyo lazima awepo mtu wa kukata uzi ulioshonwa mdomoni, mkaguzi atie mkono, kisha mwingine ashone tena. Aliyekuwa akikata uzi amehama mji.

"Kazi ya kukaa kwenye stuli," alisema. "Kubeba hakuna. Ni kisu tu, na kisu kinataka mkono mmoja. Jumatatu uje, ofisi ikuone unafanya, basi imetoka hiyo."

Kisu kinataka mkono mmoja. Msimamizi alilisema, Kontena akaitikia kwa kichwa, Mama Pasi akaitikia kwa kichwa, na hakuna hata mmoja aliyeliangalia mara ya pili. Msimamizi alipoondoka Kontena aliinuka, akakigeuza kiti kwa mguu wake mzima kikatazama dirisha. Kisha akaomba wembe. Alijinyoa kwa mkono wa kushoto, akajikata mahali patatu, na alikuwa anavuma kitu kama wimbo. Mama Pasi alikaa jikoni akasikiliza. Alifurahi mpaka akaogopa, maana alijua kabisa kwamba hili lisipofaulu, kile kiti kitarudi ukutani na safari hii hakitageuka tena.

Sasa pale ghalani kisu hakiazimwi. Kila mtu na chake mfukoni, na anayeomba cha mwenzake atachekwa mpaka ajute kuzaliwa. Kontena alikuwa nacho cha zamani, cha kukunja, kile ambacho wembe wake unauvuta kwa ukucha huku mkono wa pili umeshika mpini. Ijumaa alfajiri Mama Pasi aliingia jikoni akamkuta amesimama kando ya sinki, mgongo wa kile kisu ameuuma kwa meno, mkono wa kushoto unavuta mpini. Mate yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Alipomwona mkewe akakitia mfukoni haraka.

"Kimekaza tu hiki," alisema. "Kinataka mafuta."

"Ee, kinataka mafuta," alijibu Mama Pasi. Akaenda kazini, akalia juu ya foronya kumi na mbili, akajikaza kisabuni, na saa ya mapumziko akaingia duka la vifaa.

Ndiyo maana mkono ulikuwa mfukoni. Alitaka kisu ambacho mkono wa kushoto peke yake unaweza kukitoa, kukifungua, kukikatia na kukifunga.

Mwenye duka alianza na fahari ya duka lake: kifaa cha kukunja chenye koleo, mkasi, msumeno, tupa, bisibisi na vinginevyo, kumi na vinne kwa jumla. "Hiki ni karakana nzima mfukoni, mama. Hata soda unafungua."

Mama Pasi alikipindua kwa kushoto, akajaribu kutoa kisu kwa ukucha wa dole gumba. Kilitoka kidogo kikarudi. Akajaribu tena, kikatoka kizibuo.

"Soda nitafungua," alisema. "Kisu je?"

Cha pili kilifunguka kwa kitufe, tak, kama kinachezea. Lakini wembe ulipokaa wazi aliutikisa kidogo akausikia unacheza kwenye bawaba, na mwenye duka, kwa kuwa alikuwa mkweli siku hiyo, alikiri kwamba ndani ya mwezi kitakuwa kinamkunjikia mtu vidoleni. Cha tatu kilikuwa cha chuma kizuri, mpini wa mpira usioteleza kwa jasho, kila kitu safi, isipokuwa komeo lake la kufungia liliwekwa upande ambao dole gumba la kulia ndilo linalofika. Kwa kushoto Mama Pasi alilitafuta, akalikosa, na nusura aache kidole humo.

"Hivi hawa wanaotengeneza," aliuliza kwa hasira, "kwao hakuna mtu wa kushoto?"

"Wapo, mama. Nadhani ndio wanaonunua plasta."

Hakucheka. Jumamosi alirudi asubuhi, na mchana ule akarudi tena, na hapo ndipo mwenye duka alipoteremsha sanduku kutoka rafu ya juu. Kisu hiki kilikuwa na tundu la mviringo kwenye wembe, dole gumba likiingia unasukuma tu. Komeo lilikuwa mgongoni mwa mpini, kulia na kushoto kwake sawa. Kibanio cha mfukoni kinahamishwa upande unaoutaka. Wembe haukucheza hata alipoukazia kwenye ukingo wa kaunta. Mama Pasi alikifungua akakifunga, akakifungua akakifunga, mpaka bwana mmoja aliyekuwa anasubiri misumari akaanza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Akalowesha vidole kwa maji ya kunywa akarudia. Akajipaka mafuta akarudia.

"Sasa makali," alisema.

Mwenye duka alichomoa kipande cha uzi wa kushonea magunia, akaunyoosha kati ya mikono yake miwili mbele ya kifua. "Kata."

Ulikatika kabla hajaukazia. Alikata vipande sita, mwenye duka akimshikia kila kimoja, wote wawili wanacheka sasa kama watu waliofahamiana siku nyingi. Mama Pasi alitoka pale kichwa juu. Hakuna jambo la kile kisu ambalo hakulifikiria.

Kontena alikipokea. Alikigeuza mkononi, akaingiza dole gumba kwenye tundu. Tak. Akabonyeza mgongo, akakikunja kwenye paja. Tak tena. Akamtazama mkewe, na uso ule, ambao tangu kiharusi upande mmoja ulikuwa umelegea, ulitabasamu kwa nusu iliyobaki.

"Umetoa wapi kitu hiki, mama watoto?"

"Nimekiona tu dukani nikaona kizuri."

Jumapili nzima nyumba ilikuwa tak, tak, tak. Mama Pasi alipika na tak, alifagia na tak. Mwisho akamwambia, "Baba, nihurumie, kichwa kinaniuma," naye akacheka, akakiweka, na baada ya dakika mbili akakishika tena. Na aliongea! Aliongea juu ya mshonaji wa magunia asiyeoga, juu ya dereva aliyelala kwenye maharage akaamka lori likiwa mji mwingine. Mama Pasi alikuwa ameshazisikia hadithi hizo zote zamani, na alizicheka kama mpya.

Jumatatu walifika ghalani saa moja na nusu. Dobi inafunguliwa saa mbili, hivyo alikusudia amwache mlangoni aende zake, lakini wapagazi walikuwa wamejipanga kumpokea. "Kontena! Mzigo umerudi bandarini!" Mmoja alimfutia stuli kwa fulana yake. Mkaguzi, mwanamke mwenye bakuli la bati na miwani ya kusomea, alimpa mkono wa kushoto bila kuambiwa, na Mama Pasi akampenda hapo hapo. Gunia la kwanza likaletwa, limejaa maharage, mdomo umeshonwa. Kontena alitoa kisu. Tak. Wapagazi wakapiga makofi.

Aliupeleka wembe kwenye uzi, na mdomo wa gunia ukakunjika.

Alirudisha mkono, akajaribu kona ya pili. Gunia lilirudi nyuma na uzi ukazama ndani ya kitambaa. Akausukuma wembe chini yake kwa nguvu, wembe ukateleza ukapasua gunia lenyewe, na maharage yakaanza kumwagika sakafuni.

"Lete jingine," alisema Kontena. "Hilo lilishonwa vibaya."

Wakaleta jingine. Safari hii aliukandamiza mdomo wa gunia kwa kidevu, pua yake ikiwa karibu na wembe kiasi kwamba mkaguzi alifumba macho. Halafu akafanya jambo ambalo Mama Pasi hatalisahau: aliweka kisu pajani, akauchukua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akauweka juu ya sikio la gunia, ile kona ya mdomo, akavipanga vidole kimoja kimoja. Alipookota kisu ule mkono ulikuwa umeshaanguka.

Hapo ndipo Mama Pasi alipoelewa. Uzi haukatwi umelala. Mkono mmoja unalivuta sikio la gunia juu, uzi unakaza, ndipo mwingine unakata. Kontena alikuwa amewaona wakifanya hivyo miaka ishirini, msimamizi vilevile, lakini nani huangalia mkono usioshika kisu? Na yeye pale dukani, na maringo yake yote ya kuzuia mkono mfukoni, kila alipokata uzi kulikuwa na bwana mnene aliyeushika kwa mikono miwili. Alitaka ardhi ipasuke immeze.

Hakungoja ardhi. Aliingia ndani, akapiga goti, akalishika sikio la gunia akalivuta juu. Kontena hakumtazama. Aliingiza wembe, uzi ukakatika, mdomo ukafunguka bila mchubuko.

"Safi," alisema mkaguzi polepole.

La tatu, la nne, la tano. Kisu kilikuwa kizuri, hilo hakuna wa kulipinga. Kufikia la sita Kontena alishaanza kumwelekeza: "Juu kidogo. Usilipinde." Kufikia la nane wapagazi walikuwa wamerudi kwenye lori, kila mmoja akijifanya ana haraka. Msimamizi alichutama kando ya Mama Pasi. Kwa mara ya kwanza hakuwa anaangalia saa.

"Sikufikiria, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Haki ya Mungu sikufikiria. Lakini ofisi haitakubali watu wawili kwa stuli moja."

"Nitakuja kila siku. Asubuhi."

"Na dobi?"

Mama Pasi alilivuta sikio la gunia lililofuata. Lori lilikuwa na magunia mia tatu, nalo ni la kwanza.

Kontena alikuwa amesikia. Alifuta wembe kwenye suruali, akakunja kisu, akakifungua tena.

"Nenda kazini, utachelewa," alimwambia mkewe.

"Nimalizie haya machache."

"Nimeshapata mkono wake sasa. Ni kuzoea tu. Nenda, mama watoto." Halafu, kwa sababu hakuondoka, akaongeza taratibu, "Tafadhali."

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwambia neno hilo. Mama Pasi aliachia gunia. Alisimama, akajipangusa magoti, akawaaga wote kwa adabu kama mgeni, akatoka. Alivuka uwanja wa malori bila kugeuka, maana alijua akigeuka atarudi, na akirudi atamaliza kile ambacho kiharusi kilibakiza.

Alikuwa amefika getini aliposikia maharage yakimwagika kwenye saruji. Hakuna aliyecheka huko ndani. Baada ya kitambo yakamwagika tena, mengi zaidi. Mlinzi alimfungulia geti akamwuliza kama anatoka au anaingia, naye akabaki amesimama pale katikati, mikono yake miwili mizima ikining'inia, asijue pa kuipeleka.