Neno Nililolibadilisha

"Ushonaji," nikasema.

Mikono ya Dada ilikuwa bado iko hewani, ngumi moja ikizunguka taratibu juu ya kiganja cha mkono wa pili. Alama hiyo aliitunga mwenyewe. Shuleni kwao hakuna aliyewahi kuhitaji neno la kukereza chuma. Mkuu wa chuo hakuitazama mikono hiyo. Alinitazama mimi, kama watu wote walivyozoea, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kuandika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimevaa viatu vya Mama vilivyonipwaya, na kwa neno moja nilikuwa nimemnyang'anya dada yangu kitu pekee alichokuja kukiomba pale.

Dada alinitangulia kwa miaka mitatu. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka minne, ikamwachia kila kitu isipokuwa masikio. Alipopelekwa shule ya bweni ya viziwi akarudi likizo ya kwanza na lugha nzima mikononi, mimi nilikuwa katika umri wa kudaka kila ninachokiona. Nikaidaka. Wazazi wetu walidaka maneno manne: njoo, kula, lala, acha. Kwa maneno manne unaweza kulea mtoto akakua, ila huwezi kupiga naye soga.

Basi mimi nikawa mdomo wake. Dukani mimi, hospitali mimi, msibani mimi. Watu waliniuliza, "Anaumwa wapi?" naye amesimama hapo hapo, mrefu kunishinda kwa kichwa kizima. Yeye alinipa jina la alama, kidole kikigusa kidevu, kwa ajili ya kovu nililolipata nilipoanguka ngazini. Kidevu. Kwa mtu aliyegeuzwa mdomo wa mwingine, naona hakukosea sana.

Katika shule yao wavulana walifundishwa useremala, wasichana cherehani. Dada alishona miaka minne kama mtu anayekunywa dawa chungu: anameza, anakunja uso, anarudisha kikombe. Kisha cherehani ya Mama ikavunjika gia ndogo ya nyuma, na kila duka la vipuri likasema aina ile haitengenezwi tena. Dada akaifunga gia katika leso, akaipeleka kwa fundi mkereza aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Aliondoka saa sita mchana, akarudi saa kumi na mbili jioni. Alikuja na gia mpya, na nyuzi za chuma zilizojikunja zimemnasa kwenye nywele. Jioni hiyo alinisimulia mpaka mikono ikamchoka: jinsi chuma kinavyozunguka, jinsi kisu kinavyokisogelea polepole, jinsi ganda linavyotoka refu bila kukatika, kama la chungwa linalomenywa na mtu asiye na haraka. Sikuwahi kumwona akizungumzia kitambaa hivyo.

Kwa hiyo barua ya usaili ilipofika kutoka chuo cha ufundi, kila mtu nyumbani alijua atataja nini. Asubuhi ya siku yenyewe Mama alikuwa akinipigia pasi blauzi, na bila kuinua macho akanipa maagizo yake. Mashine zile zilikuwa zinakula vidole vya wenye masikio, alisema, sembuse asiye nayo. Na nguo kila mtu anavaa. Mshonaji hakosi kazi, tena anaifanyia nyumbani, mama yake akimwona.

"Wakianza kumzungusha, wewe taja ushonaji," akasema. "Unajua kuongea."

Mama hakuwa na nia mbaya. Mimi nilikubali kwa sababu niliogopa kama yeye. Na kuna sababu nyingine, ambayo imenichukua miaka kuikiri: Dada akibaki nyumbani na cherehani, nitabaki kuwa mtu wa maana. Nani asingenihitaji?

Wala hawakuwa wameanza kumzungusha. Mkuu wa chuo aliuliza swali moja la kawaida tu, anataka kozi gani, na mimi nikawahi.

Nilichosahau, sijui nilikisahauje, ni kwamba Dada alijua kusoma. Alisoma kuliko sisi sote nyumbani. Mkuu wa chuo alikuwa na mwandiko mkubwa wa watu wa ubaoni, na Dada akainama mbele kidogo, akaisoma fomu ikiwa miguu juu kichwa chini. Kisha akanigeukia.

Umesema nini? aliuliza kwa mikono.

Ulichosema wewe, nikajibu.

Uongo wa kwanza niliutoa kwa mdomo, hakuusikia. Huu wa pili niliutoa kwa mikono, kwa lugha ile ile aliyoileta yeye nyumbani na kunifundisha neno kwa neno. Aliutazama mpaka vidole vyangu vilipotua mapajani. Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka kwa mkuu wa chuo kwa adabu kabisa, kama mtu anayepokea sahani, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: KUKEREZA VYUMA.

Halafu: Kidevu, nenda nje.

Nilikaa kwenye benchi ya korido. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na masikio yangu yote mawili mazima hayakunisaidia kitu. Nilisikia karatasi ikisukumwa upande huu, ikirudishwa upande ule. Nilisikia kiti kikilia. Mkuu wa chuo alikohoa mara moja, na mara moja akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtukizwa. Huko ndani yalikuwa yanasemwa mambo, na mimi ndiye niliyekuwa kiziwi.

Walipotoka, mkuu wa chuo alikuwa ameshika karatasi iliyojaa maandishi pande zote. Aliniambia, kama anayejitetea, kwamba anampeleka karakana akaione hatari kwa macho yake, maana maneno yamemshinda. Nikawafuata, hatua kumi nyuma. Hakuna aliyeniita.

Karakana ilikuwa na mashine kumi na nne, na kelele yake ilinigonga kifuani kabla hatujaingia. Mwalimu wa karakana alikuwa mtu mnene mwenye masharubu ya kijivu. Mkuu wa chuo akamsogelea, akamwambia jambo. Mwalimu akatoa kifunika sikio kimoja.

"Nini?"

Mkuu wa chuo akapaza sauti: msichana huyu hasikii, anataka kujiunga, sasa ikitokea hatari atamwitaje?

Mwalimu akakuna masharubu. Dada hakuwa anawatazama wao. Alikuwa anawatazama wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na wawili, wameinamia chuma na vifunika vyeusi masikioni, na hata mmoja hakuwa amejua kwamba mkuu wa chuo ameingia. Akaiomba ile karatasi, akatafuta upenyo mweupe, akaandika mstari mmoja. Hakumpa mkuu wa chuo. Alimpa mwalimu.

Mwalimu akausoma, akausoma tena kwa sauti. "Anauliza, na hawa mnawaitaje?"

Akawatazama wanafunzi wake, kama mtu aliyeulizwa jina la mkewe akagundua hajawahi kulifikiria.

"Nawagusa bega," akasema. "Au nazima taa, nawasha." Kisha akamgeukia bosi wake. "Mkuu, humu ndani hakuna anayesikia."

Dada akakubaliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Sharti la kuja bila mkalimani halikutoka kwa mkuu wa chuo. Nililiona kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Dada.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye upande ule wa barabara, mimi upande huu. Nilipovuka ili nimwombe radhi, alifumba macho. Anayesikia, hata akikununia vipi, utampenyezea maneno sikioni. Kiziwi akishafumba macho amefunga nyumba nzima. Nilisimama pale na mikono yangu, watu wakinipita.

Nyumbani aliwaandikia wazazi mwenyewe. Baba aliisoma ile barua mara mbili, akavua miwani, akaniuliza mimi kama ni kweli.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Baba akabaki na miwani mkononi. Maneno yake manne hayakuwa na swali hata moja ndani. Mwishowe alichukua kalamu.

Ile miezi haikuwa lelemama. Mwalimu wa nadharia alizungumza akiwa amelipa darasa mgongo, uso ubaoni, na mgongo hauna midomo ya kusoma. Mtihani wa kwanza Dada alipata thelathini na moja kwa mia. Karatasi ile niliiona imekunjwa mara nane ndani ya daftari. Hakuniomba msaada, nami sikujipendekeza. Baadaye mwenzake mmoja darasani, kijana waliyemwita Nyundo, akaanza kumwachia madaftari yake kila Ijumaa. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita, ila yote yalikuwemo. Dada naye akamfundisha kusoma michoro, ambayo Nyundo alikuwa anaiona kama ramani ya nchi asiyoijua. Mtihani wa pili Dada alipata sitini na nane.

Siku moja alirudi amevaa mikono mirefu, na joto lile. Alipokuwa ananawa niliona alama ya kuungua juu ya kiwiko, chuma cha moto kilimrukia. Aliniona nimeiona. Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale. Nikampa Dada taulo, nikaendelea kuosha vyombo. Tangu siku ya usaili hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Leo Dada anaongoza watu wanane katika kiwanda cha pampu za maji. Wawili kati yao ni wasichana viziwi, aliowafuata mwenyewe katika ile shule yake ya zamani, akawatoa kwenye cherehani. Mimi ni mkalimani, nina cheti, na nafundisha wengine. Wanafunzi wangu hunisikiliza kwa makini ninapofika kwenye kisa hiki, halafu mmoja huuliza alinisamehe lini. Huwa wanatarajia niseme siku ya mahafali.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida, mwezi wa tatu wa majaribio. Niko mezani nasoma, meza ikatikisika. Alikuwa ameigonga kwa kiganja, kama alivyokuwa akiniita zamani.

Kesho njoo chuoni, akasema. Yule Masharubu anataka kujifunza alama, na darasa zima. Mimi nikifundisha nakasirika upesi.

Nikamwuliza nikifika huko niseme nini.

Sema ninachosema.

Nikaenda. Tulifundisha alama arobaini, mashine zikinguruma taratibu bila kukata chuma: hatari, simama, pima, tena, polepole, zima. Nyundo alizishika zote. Mwalimu mwenye masharubu alikuwa na vidole vinene kama mihogo, na kila alama aliyoifanya ilitoka na lafudhi. Lakini hakuona haya. Saa ya kuondoka ilipofika alipanda juu ya kreti, akatangaza kwa mikono, kwa heshima zote, agizo lake la kwanza.

Alitaka kusema kila mtu azime mashine yake. Katika alama zetu, kuzima na kuoa hutofautiana kwa kidole kimoja tu. Aliagiza kila mtu aoe mashine yake.

Dada aliigeukia mashine aliyokuwa akiitumia. Akaweka kiganja juu yake, akainama kama anayeibembeleza, akasubiri, akanyanyuka. Kisha akajibu, uso mkavu kabisa.

"Amesema nini?" mwalimu akaniuliza kutoka juu ya kreti.

Nikamtazama Dada. Alikuwa amekunja mikono, ananisubiri.

"Amesema yake imekataa," nikajibu. "Inataka imalize masomo kwanza."