Mstari wa Chaki

Mbwa aliingia nyumbani kwa fundi Milimita siku ya Jumamosi, ndani ya boksi la pasi. Binti wa fundi, Pini, alilibeba boksi hilo kwa mikono miwili, akitembea polepole kama amebeba mayai, na nyuma yake mama mtu alimtazama mumewe kwa jicho la kusema, tafadhali usituharibie siku.

Miezi mitatu fundi alikuwa amekataa. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho alichoshonea, na nguo za watu hazikai pamoja na manyoya. Hoja ilikuwa nzuri, hakuna aliyeipinga. Ila muuguzi wa nyumba ya tatu alikuwa na jike la mbwa lililozaa watoto watano, na Pini, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na kwa ulimi wake wa kuchoma, alimganda baba yake asubuhi na jioni mpaka akasalimu amri. Kwa sharti moja. Fundi alichukua chaki yake ya kuchoria vitambaa, akapiga magoti mlangoni mwa chumba cha kushonea, akachora mstari wa buluu kutoka mwimo hadi mwimo.

"Akivuka hapa hata mara moja, anarudi kwa muuguzi. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, baba. Nitamfundisha," Pini alisema.

"Mbwa hafundishiki chaki."

"Wewe subiri uone."

Na kweli alimfundisha. Mbwa mwenyewe alikuwa mtundu hakuna mfano. Walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa sababu ya kuzunguka palepale akiukimbiza mkia wake. Alitafuna mguu wa kigoda, akaangusha pazia, akakojolea kandambili za mama mtu, tena zote mbili. Lakini kila siku, kabla na baada ya shule, Pini alikaa upande wa ndani wa mstari na vipande vya mkate mkavu. Bobini akikanyaga chaki, mkate unafichwa. Akikaa kitako, anapewa. Wiki ya tatu ilipoisha, Bobini alikuwa akija mbio toka uani, anauona mstari, anafunga breki mpaka anateleza, halafu anakaa. Wateja wakawa wanaomba waonyeshwe.

Fundi naye akapata la kujivunia. "Nyumba hii hata mbwa anajua kipimo," aliwaambia. Jina la Milimita alilipata kwa kutokosea, miaka ishirini bila kukata vibaya kitambaa cha mtu. Huenda alitia chumvi kidogo, lakini watu walimwamini, na yeye alijiamini kuliko wao.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule ya kina Pini akaleta kitambaa cha koti, cha rangi ya majivu, alicholetewa zawadi na mwanawe kutoka mbali. Alikuwa anastaafu Ijumaa.

"Koti nililonalo nimelivaa miaka kumi na moja, fundi," alisema. "Hili jipya ndilo nataka kuwaagia watoto. Kitambaa ni hichohicho, kingine hakipatikani."

"Mwalimu, umefika," fundi alimjibu.

Jumatano asubuhi fundi alikaa kukata. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa kidogo, cha kubana, hakukikunja mara mbili, alikitandaza na kukata mkono mmoja mmoja wa koti. Ukikata hivyo, baada ya mkono wa kwanza lazima ugeuze karatasi ya kipimo, ndipo uchore wa pili. Hilo hufundishwa wiki ya kwanza. Redioni palikuwa na mpira, mtangazaji akamvunja mbavu, na fundi, huku akicheka, akachora na kukata. Alipoilaza mikono pamoja, kicheko kikakauka. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Aliigeuza, akaipindua, akaigeuza tena. Jasho lilimtoka. Akilini alimwona mwalimu mkuu akiambiwa, aliwaona wateja, aliusikia mtaa mzima ukicheka jina la Milimita. Mkewe alikuwa amekwenda kununua vifungo. Pini alikuwa shuleni. Nyumbani palikuwa na yeye na Bobini, aliyekaa mlangoni nyuma ya chaki.

Mtu angependa kumtetea fundi hapo, lakini hakuna la kumtetea.

"Njoo," alisema.

Bobini alitikisa mkia, akautazama mstari, hakuondoka. Fundi akapiga vidole. Mbwa akalia kidogo, akalaza kidevu sakafuni karibu kabisa na chaki, basi. Fundi aliinuka, akaufuta mstari kwa soli ya kiatu. Bobini bado hakuvuka. Ikabidi ambebe, amweke juu ya kitambaa, amtikisie mkono wa koti usoni, tena na tena, mpaka mtoto wa mbwa akadhani ni mchezo, akauma, akavuta, ukachanika. Kisha akamlamba fundi vidole.

Pini aliporudi, baba yake hakumtazama.

"Amevuka."

Msichana aliuangalia mkono uliochanika, akaangalia mlangoni. "Mbona mstari umefutika?"

"Ameufuta kwa miguu."

"Leo sikumpa mkate asubuhi," Pini alisema taratibu. "Nilikuwa nimechelewa. Ni kosa langu."

Fundi aliinamia cherehani, akatia uzi. Mkewe aliingia na vifungo vyake. Miaka yote yeye ndiye aliyemalizia nguo za mumewe, mapindo na vifungo. Aliokota mkono mzima na mkono uliochanika, akaulaza mmoja juu ya mwingine, akaona viwiko vyote vimepinda upande mmoja. Kisha akamtazama mumewe. Aliikunja yote miwili akaiweka mezani, akaenda jikoni, na fundi akaona afadhali angemtukana.

Jioni mwalimu mkuu alipita kujaribu koti. Kabla fundi hajafungua kinywa, Pini alisimama mbele yake, bado amevaa sare, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu. Mbwa wangu ameharibu koti lako. Mimi ndiye sikumfundisha vizuri. Naomba unisamehe."

"Marahaba," mwalimu alisema. "Basi usilie. Koti la zamani lipo, nitaagia hilo." Akamgeukia fundi. "Umelea vizuri, fundi. Wakubwa wangapi wanaweza kusema hivyo?"

Uso wa fundi ulimwaka. Pini alikuwa ameshaleta sebuleni lile boksi la pasi, na Bobini ndani yake. "Nampeleka kwa muuguzi," alisema. "Tulikubaliana."

Bobini alipomwona mgeni chumbani akaruka kutoka kwenye boksi, akaja mbio kama kawaida yake. Alipofika mlangoni alifunga breki, akateleza, akakaa kitako. Chaki haikuwepo. Alikaa palepale ilipokuwa, akasubiri mkate.

Wote walimwona.

"Mwalimu," fundi alisema, na sauti ilikuwa ndogo, "si mbwa. Ni mimi. Nimekata mikono miwili ya kushoto. Halafu nikambeba nikamtia humu ili aichane."

Alikuwa na maelezo ya redio na ya kitambaa cha kubana, lakini hayakutoka.

"Sasa huyu mtoto," mwalimu mkuu aliuliza, "ameniomba radhi ya nini?"

Aibu ilimvaa fundi toka utosini mpaka nyayoni, na akaona ni haki yake. Hakuthubutu kumtazama binti yake.

Pini hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua chaki mezani, akamnyanyua Bobini, akaenda sebuleni kwenye kona anakolala mbwa, akachora mstari kutoka ukuta hadi ukuta.

"Baba asivuke," alisema.

"Mpaka lini, mama?"

"Sijui."

Ijumaa mwalimu mkuu aliwaaga watoto akiwa na koti lake la zamani, ambalo fundi alilifuata mwenyewe nyumbani kwake na kulipiga pasi. Mtaani walicheka, kama alivyoogopa, na wiki haikuisha wakapata jingine la kuchekea.

Nyumbani haikuwa hivyo. Kila jioni fundi alifunga cherehani, akachukua kipande cha mkate mkavu, akaja sebuleni akachutama mbele ya chaki. Bobini, ambaye hakuwahi kujua kwamba amekosewa, alimkimbilia huku mkia ukipepea, akafunga breki upande wake wa mstari, akakaa. Pini alikuwa mezani na madaftari yake. Fundi hakunyoosha mkono. Yeye na mbwa walikaa pale, huyu huku na yule kule, wote wawili wakimtazama Pini.