Futi Saba na Nusu

Jumanne asubuhi, baada ya chai, Mizelli alikaa kiti cha mbele cha gari, akakipakata kile kifaa cha kuonyesha njia na kuanza kukijaza vipimo. Kilikuwa kipya, cha watu wanaovuta karavani, na hakikubali kutaja njia mpaka kiambiwe hiyo nyumba ya magurudumu iliyofungwa nyuma ina ukubwa gani. Alikuwa ameipima mwenyewe kwa kamba ya mumewe. Upana, saba na nusu. Kimo, nane na nusu. Urefu, ishirini na mbili. Zilikuwa futi, kwa sababu watu wa barabarani kama wao, wanaoishi kwa kuhamahama, hupima kila kitu kwa futi, kuanzia turubai hadi jeneza. Kifaa kilihesabu mita, na hakikuuliza.

Humo garini aliyejua kusoma alikuwa yeye peke yake. Alijifunza ukubwani, madarasa ya jioni, binti yake Delaya akinyonya mapajani. Mumewe, Hezekia, alisoma injini. Mama mkwe wake, Amberlina, alisoma nyasi.

"Kinasema nini hicho?" Amberlina aliuliza kutoka nyuma, mjukuu amemlalia begani.

"Mwendo wa saa mbili na robo, Mama."

"Kwa farasi zilikuwa siku tatu. Ila farasi hakuwa na mdomo mrefu hivyo."

Walikuwa wakienda Miti Mitatu, kipande cha nyasi kando ya njia, karibu na mpaka wa Wales. Amberlina alizaliwa hapo chini ya mkokoteni miaka sabini na tisa iliyopita, mama yake akiwa ametoka kuchuma hopu za kutilia bia. Miti ilipoanza kuchipua, daktari alimwambia kwamba majani hayo hayatapukutika yeye akiwa hai. Hakubishana naye. Aliomba kitu kimoja tu, arudishwe Miti Mitatu, afie palepale alipoanzia.

Baada ya saa nzima kifaa kiliwatoa barabara kuu na kuwaingiza kwenye kinjia chembamba kama utepe, kilichobanwa huku na huku na ua wa miti ya miiba.

"Huku?" Hezekia alisema. "Mke wangu, tutakwama humu kama kizibo."

"Nimekipa vipimo vyote. Nenda."

Akaenda. Miti ya kushoto ikarudi nyuma hatua chache, ya kulia nayo ikafanya hivyo, kama watu wa kwenye korido wanaompisha mgonjwa. Kinjia kikawa na upana wa mita saba na nusu. Karavani ilipopita, miti ikarudi mahali pake na kujikung'uta vumbi.

"Asanteni," Amberlina aliiambia miti kupitia dirisha.

Mbele kulikuwa na daraja la reli, la chini sana. Lilijiinua taratibu mpaka mita nane na nusu. Juu yake treni ilikuwa ikipita, na abiria walishika vikombe vyao ili chai isimwagike. Ng'ambo ya daraja walikutana na mkulima juu ya trekta.

"Mngesema mapema mnapita," mkulima alilalamika, "ningehamisha ng'ombe leo. Wiki nzima nabanana hapa. Mnaenda wapi?"

"Miti Mitatu."

Mkulima akatazama gurudumu lake. "Aa," alisema. "Haya, safari njema."

Kwenye njia panda ya mwisho Amberlina aliomba gari lisimame. Alishuka akiushikilia mlango, akachuma nyasi, akazifunga kifundo na kukilaza kando ya njia, ncha ndefu ikielekea waendako. Dada yake Sinfi na wanawe walikuwa nyuma kwa mwendo wa siku mbili, wanakuja kumuaga.

"Si nimempigia simu, Mama," Mizelli alisema.

"Simu huzima. Nyasi umeshaziona zikizima?"

Walifika saa tano na nusu. Kati ya ile miti mitatu ulibaki mmoja. Mbele ya nyasi, tangu mwanzo hadi mwisho wa uwanja, yalipangwa mawe meupe saba, kila moja kama ng'ombe aliyelala. Kati ya jiwe na jiwe mtu angeweza kupita. Karavani, hapana.

"Mmefika," kifaa kilisema.

Hezekia hakuzima injini. Wakangoja. Baada ya dakika kumi alipiga honi mara moja, kwa adabu. Mawe hayakusogea.

Kando yake palikuwa na bango la halmashauri, jipya, rangi yake haijapauka.

"Limeandikwa nini?" Amberlina aliuliza.

Mizelli alilisoma lote kimyakimya, kuanzia katazo la karavani hadi herufi ndogo za chini.

"Limeandikwa karibuni, Mama."

Amberlina akamshika shavu. "Kumbe hata kudanganya wanafundisha huko jioni. Nitolee kiti, mwanangu."

Alipita kati ya jiwe la tatu na la nne, Hezekia akimshika mkono, akaketi kwenye kiti cha kukunja chini ya ule mti mmoja, akavua viatu.

"Na msije mkaichoma karavani kwa ajili yangu," alimwambia mwanawe. "Najua ndiyo desturi yetu mtu akifa. Lakini mkishaichoma, huyu mtoto atalala wapi?"

Polisi alifika kabla ya saa sita, msichana mwenye mafua. Alisema samahani mara mbili. Kuna jirani amepiga simu. Alitazama kifaa kilichokuwa mkononi mwa Mizelli.

"Dada, umeweka futi. Hiki kinataka mita."

"Naona sasa."

"Ndiyo maana nimegeuza gari hapo kwa mara moja. Siku zote huwa mara tano."

"Na mawe?"

"Mawe ni ya halmashauri," polisi alisema, akapenga kamasi.

Delaya, aliyekuwa amempelekea bibi yake chai, alirudi akipita katikati ya mawe, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa bado kimejaa.

"Bibi hanywi," alisema.

Hezekia alikwenda mbio, kisha akatembea, kisha akapiga magoti. Polisi alivua kofia. Aliita gari la kubebea mwili, akaandika saa, akasoma tena alichokiandika.

"Yeye anaweza kusubiri hapa," alisema kwa upole. "Karavani ndiyo haiwezi."

Hezekia alibaki na mama yake. Mizelli alishika usukani, Delaya pembeni yake, na miti ikawapisha kama ilivyowapisha wakati wa kuja. Kifaa kiliuliza waende wapi. Hakukijibu wala hakurekebisha vipimo.

Kwenye njia panda alisimama, akashuka. Kifundo cha nyasi kilikuwa palepale, bado kibichi. Alikiinua kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu na kukilaza tena, ncha ndefu ikielekea mbali na mawe, ili Sinfi, ambaye hakujua kusoma, asome.