Kisu cha Mshona Magunia

Mjomba alikuwa kinyozi mpaka mgongo ulipomkataza kusimama, na waliomfahamu walidhani visu vyake vya kukunja ni mabaki tu ya uraibu wa wembe. Vilijaa katika droo za kabati la sebuleni, vimelazwa juu ya kitambaa cha kijani kama watoto waliopitiwa na usingizi. Mpwa wake peke yake ndiye aliyejua Mjomba anavikusanya akitafuta nini.

Babu, baba yake Mjomba, alifariki mwanawe angali mdogo, na vitu vya marehemu vilipogawanywa, kisu chake cha mfukoni kikapotea, kisijulikane kimeangukia mkono wa nani. Mjomba hakukumbuka hata rangi ya mpini. Basi alipoanza kushika pesa yake mwenyewe, kila kisu cha zamani alichokiona kwa wauza mitumba alikigeuza na kukiuliza kimoyomoyo kama ndicho. Vingi alishindwa kuviacha.

Mpwa huyo, binti ambaye Mjomba alimwita Kimya kwa sababu hata chafya aliipiga kwa kuomba radhi, alikuwa akija Jumamosi kumsaidia kuvisafisha. Akiwa na lenzi jichoni na tone la mafuta ya cherehani kidoleni, alijifunza kusoma chapa kwenye shina la ubapa, kutofautisha mfupa na pembe, na kujua pini iliyobadilishwa.

“Kisu ni kama mteja wa kinyozi,” Mjomba alipenda kusema. “Usimuulize umri wake. Mwangalie kisogo.”

Jumamosi hii Bibi alikuwepo. Miaka mingi alikuwa akiishi mbali kwa binti yake mkubwa, mtoto wa jicho amemfungia dunia, wala hakutaka safari; akiulizwa habari za kisu, alijibu tu kwamba angekijua akikiona. Sasa alikuwa amefanyiwa upasuaji, akaja kukaa kwa mwanawe, na tangu afike hakuna aliyepumua. Alimwambia Mjomba kwamba amezeeka bila kumuaga. Naye Kimya, Bibi alimtazama juu hadi chini akasema kumbe mke mwenzake ni mzuri hivi, afadhali mume amekwisha kufa.

Baada ya chai Mjomba alizifungua droo zote, moja baada ya nyingine. Bibi aliinama juu ya visu, akavipita, akarudi, kisha akaokota kimoja chenye mpini wa ganda la chaza, mweupe, unaobadilika rangi kila ukigeuzwa kwenye mwanga.

“Hiki,” alisema. “Hiki ndicho cha baba yako.”

Mjomba aliketi. Aliutafuta mkono wa mama yake akaushika, na uso wake ukawa uso wa mtoto aliyeitwa ndani baada ya kucheza nje hadi giza. Kimya aliinamisha kichwa, kwa maana aliona jambo ambalo siku nyingine Mjomba angeliona kabla yake. Babu alikuwa mshona magunia ghalani. Kutwa alikata kamba, na jioni alinoa. Ubapa wa kile kisu cheupe ulikuwa mpana na mnene kama siku ulipotoka kiwandani. Hakikuwa kimekata kitu kigumu kuliko bahasha.

Angesemaje? Mtu ametafuta maisha yake yote, amepata, na wewe uliyefundishwa naye juzijuzi umwambie hakupata? Alinyamaza, kama jina lake.

Lakini furaha haikai kitako. Mjomba alikumbuka kwamba springi ya kile cheupe imelegea, akataka ibadilishwe saa ileile. Kwenye jiliwa la kubania vyuma pembeni ya meza kulikuwa na kisu kibovu alichokipata wiki hiyo kwa muuza vyuma chakavu. Mpini wa mfupa umepasuka, ubapa umenolewa ukabaki kama mkia wa panya. Springi yake tu ndiyo iliyokuwa na nguvu, naye alikusudia kuichomoa. Alimwita Kimya ashike, akaweka msumari juu ya pini na kuinua nyundo.

Kimya alikuwa na kisu kile mbele ya pua. Aliona ubapa umelika zaidi karibu na mpini, mahali mtu anapokatia kamba. Mfupa ulikuwa umebonyea kwa shinikizo la mkono wa kulia. Ila kwenye kijishimo cha kutia ukucha, mikwaruzo ilivutwa kwa mkono wa kushoto, mamia yake, yote upande mmoja.

“Mjomba, subiri.”

Nyundo ilisimama hewani. Kimya aligusa mikwaruzo kwa kidole. “Hiki kilitumiwa na mtu mmoja, kikafunguliwa na mwingine. Kila siku.”

Mjomba alifungua kinywa kumcheka, akaona mama yake amenyoosha mkono. Mkono wa kushoto, uleule aliokorogea chai. Alifungua jiliwa, akampa. Bibi hakukitazama hata kidogo; aliangalia dirishani, ukucha wake ukaingia, na ubapa ukafunguka kwa mwendo mmoja.

Ndipo aliposimulia, taratibu, kama anayejisimulia mwenyewe. Mlango wa ghala ulimng'oa Babu ukucha wa gumba, haukuota tena. Aliona haya kuwaomba wenzake wamfungulie kisu. Kwa hiyo Bibi mwenyewe alimfungulia kila alfajiri, naye akatoka nacho wazi katika mfuko ambao Bibi aliushonea ngozi ndani. Siri ilikuwa ya watu wawili.

“Na kile cheupe?” Mjomba aliuliza.

“Kilikuwa dukani, dirishani. Kila tukipita alisimama akakitazama, mpaka nikakionea wivu.” Bibi aliguna. “Hakukipata. Lakini nilipokuwa gizani, mwanangu, kila nilipomkumbuka nilimkumbuka nacho. Nadhani humo gizani nilimpa mimi mwenyewe.”

Mjomba alikitazama kile kisu kibovu kiganjani mwa mama yake, akaitazama nyundo, akaisogeza mbali kwa vidole viwili kana kwamba inaunguza. Mkono wa Kimya ulienda kwenye mafuta na kitambaa. Mjomba alitikisa kichwa. Hakitasafishwa, wala hakitaingia drooni.

Alikipokea, akachukua chungwa kwenye bakuli na kuanza kulimenya. Katika miaka yote hiyo hakuwa amekata kitu kwa kisu chake hata kimoja. Machozi yalimzuia kuona anachofanya, na maganda yalianguka mezani mapande mapande.

“Mtazame,” Bibi alimwambia mke mwenzake. “Analinyoa.”